Mbwa anajikuna, na sisi tunajikuna

Safu ya Mama Mifugo, Iringa

Nimekaa barazani Kihesa, saa nne ya asubuhi, jua limepanda lakini shuka bado iko magotini. Nimezipanga barua zenu mezani, na karibu zote mwezi huu zina neno moja: muwasho. Mbwa anawashwa, mtoto anawashwa, babu anawashwa, na kila mmoja ameshapewa jani lake na jirani, na jirani mwingine amekuja na jani lake pia.

Kabla sijajibu, mjue mipaka yangu. Nilisomea mifugo Mpwapwa, nikafanya kazi Makete, Rungwe na Mufindi mpaka nikastaafu. Ngozi ya mbwa, ng'ombe na mbuzi naijua. Ngozi ya mtu naiachia mdogo wangu, nesi mstaafu, ambaye mimi humsomea barua zenu kwa simu na yeye hunikata maneno kila dakika. Palipo na mtu anayewashwa humu chini, ujue ni sauti yake nimeiandika mimi.

Halafu kwa watani zangu: ndiyo, mimi ni Mhehe, sisi mnaotutania kwamba tunakula mbwa, na ndiyo, ninaandika jinsi ya kumtunza mbwa. Chekeni mmalize, tuendelee.

Oili chafu, mwarobaini na watoto wenye vipele

*Shikamoo mama. Tuna mbwa dume hapa Uyole, anaitwa Simba. Mwezi wa tano alianza kujikuna masikio, baadaye manyoya yakanyonyoka kwenye viwiko na kifuani, ngozi ikawa nene na ya majivu. Jirani alisema tumpake oili chafu ya gari, tukampaka mara mbili. Mwingine akasema tumwogeshe kwa mwarobaini na kumnywesha kidogo. Sasa watoto wawili wana vipele tumboni na mikononi, usiku hawalali. Je, mwarobaini huohuo naweza kuwaogeshea watoto?*
Mama wa watoto watatu, Uyole, Mbeya

Marahaba mwanangu. Tuanze na oili, maana hiyo ndiyo ya haraka. Leo hii, kabla hujamaliza kusoma, mfute Simba kwa matambara makavu, kisha mwogeshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Suuza, rudia, suuza tena mpaka maji yatoke safi. Kisha mkaushe vizuri na umweke pasipo na upepo, Uyole si pwani. Oili iliyokwisha kutumika kwenye injini ina mabaki ya metali na kemikali za petroli. Inaunguza ngozi ambayo tayari ina vidonda, sehemu yake inapenya ndani, na inayobaki juu anailamba. Akianza kutapika, kulegea au kukataa chakula, mpeleke kwa daktari wa mifugo usisubiri.

Hapo ndipo penye jambo ambalo ningependa mlibandike ukutani, jikoni, popote: mbwa hapakwi dawa, mbwa hulishwa dawa. Wewe unadhani umempaka mgongoni, yeye anageuza shingo, analamba, na kwa jioni moja dawa yote iko tumboni. Mtu ukimpaka kitu kichungu anakitazama tu. Kwa hiyo swali la kwanza kuhusu jani lolote la mbwa ni hili: akilila itakuwaje?

Mimi sikuzaliwa nikijua hilo. Miaka ya 1980, nikiwa mgeni kazini Makete, nilikuwa na mbwa jike mwenye viroboto wengi kuliko manyoya. Mzee mmoja akanielekeza maji ya tumbaku. Kuua wadudu, tumbaku inaua kweli, sumu yake ndiyo hiyo nikotini ambayo watu wanaivuta. Nikaloweka majani usiku kucha, asubuhi nikamwogesha, nikajiona mtaalamu. Haikupita nusu saa akaanza kutoa udenda, akatapika, miguu ikawa inatetemeka kama ya ndama aliyezaliwa sasa hivi. Nilimwosha kwa sabuni mara nne huku nalia. Alipona, lakini kwa siku kadhaa kila akiniona na beseni aliingia chini ya kitanda. Viroboto nao walikuwa wamebaki kwenye gunia lake la kulalia, wakarudi wote wiki iliyofuata.

Sasa Simba. Masikio, viwiko, kifua, ngozi nene, muwasho usiolala, na watu wa nyumbani kuanza kupata vipele: hiyo inafanana sana na ukurutu unaoletwa na vidudu visivyoonekana kwa macho, vinavyochimba mashimo ndani ya ngozi. Mjaribu hivi. Shika ncha ya sikio lake, likunje, usugue ukingo wake kwa vidole taratibu. Mguu wa nyuma wa upande huo ukianza kujikuna hewani wenyewe, dalili inazidi kuwa nzito. Daktari wa mifugo akikwangua ngozi na kutazama kwa hadubini anaweza kuviona, ingawa mara nyingi vinajificha asivione, kwa hiyo asipoviona haina maana havipo.

Mwarobaini unafanya nini hapo? Unapunguza muwasho, unapunguza vijidudu vya juujuu, unasaidia vidonda vya kujikuna visioze. Lakini kidudu kilichokwishachimba shimo lake na kutaga mayai hakingojei maji ya majani. Dawa ya kukimaliza iko kwa daktari wa mifugo, ya sindano au ya kumwagia mgongoni, na hutolewa kwa uzito wa mbwa. Nasisitiza uzito kwa sababu najua kuna watu wananunua ile sindano ya minyoo ya ng'ombe na kukisia kwa macho. Ng'ombe ana kilo mia tatu, Simba ana ngapi? Na mbwa wa jamii ya collie, wale wa kuchunga kondoo wenye pua ndefu, wanaweza kufa kwa kipimo ambacho mbwa wetu wa kawaida anakistahimili.

Ukishapata dawa hiyo, mwarobaini uwe msaidizi. Majani mabichi konzi mbili, maji lita mbili, chemsha kama dakika ishirini, funika, acha yapoe kabisa, chuja. Baada ya kumwogesha Simba mmwagie hayo taratibu na usiyasuuze, mara mbili kwa wiki. Kaa naye mpaka akauke, mchezeshe, mpe mfupa, ili asipate nafasi ya kujilamba. Kumnywesha acheni. Mwarobaini ni mchungu kiasi kwamba mbwa mwenyewe atawaambia, atatoa povu na kutapika. Uyole mti huu hauchangamki kwa sababu ya baridi, nadhani majani mnaletewa kutoka Usangu. Yakifika yamekauka pia yanafaa, ila yawe yamekaushwa kivulini na hayana ukungu.

Watoto sasa. Hapa mdogo wangu amechukua simu. Anasema kuna mambo mawili yanayofanana. Vidudu vya mbwa vikimpanda mtu vinamuuma, vinaleta vipele pale mwili ulipogusana na mbwa, yaani tumbo, mikono, mapaja, lakini haviwezi kuzaana kwenye ngozi ya mtu. Mbwa akitibiwa, vipele hivyo huisha ndani ya wiki chache. Jambo la pili ni upele wa watu wenyewe, ambao hautoki kwa mbwa, unatoka kwa mtu kwenda kwa mtu. Huo utauona katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono, kiunoni, sehemu za siri, na muwasho wake unapanda usiku. Tazama vidole vya watoto vizuri mwangani. Kama viko safi na vipele viko tumboni tu, mtibu Simba na uwazuie watoto kumkumbatia kwa muda. Kama katikati ya vidole kuna vipele, nendeni zahanati. Watawapa ile dawa nyeupe ya kupaka, BBE, au ya salfa, na mtapaka nyumba nzima siku moja, hata baba asiyewashwa, kuanzia shingoni mpaka nyayoni. Mkipaka watoto peke yao mtakuwa mnapokezana tu. Watoto wadogo BBE yao huzimuliwa, nesi atakuelekeza kiasi.

Nguo, mashuka, blanketi: maji ya moto, jua, pasi. Visivyofulika, fungia kwenye mfuko wa plastiki angalau siku tatu. Gunia la Simba lichome. Kwa vidudu vya mbwa, baridi yenye unyevu kama yenu huviweka hai muda mrefu nje ya mwili kuliko joto la bondeni, ndiyo maana banda lenye giza na matope linawarudisha mbwa wengi kwenye ugonjwa.

Kuwaogesha watoto kwa maji ya mwarobaini inaruhusiwa, yakiwa yamepoa na hayaingii machoni. Yatawatuliza. Kuwanywesha hapana, na mafuta ya mbegu za mwarobaini ndiyo kabisa, yamewahi kudhuru vibaya watoto wadogo waliopewa kwa mdomo. Na usishtuke wakipakwa dawa ya zahanati kisha wakaendelea kuwashwa wiki mbili tatu. Vidudu vimekufa ila ngozi bado ina hasira. Hapo ndipo mwarobaini na maji ya baridi vinapokuwa na kazi ya kweli.

Pareto kwa viroboto

*Kamwene mama. Nalima pareto kidogo huku Mufindi, nauza maua yakishakauka. Nimesikia pareto ndiyo inayotengenezwa dawa za wadudu zinazouzwa ghali madukani. Je, nikisaga maua yangu nimpake mbwa viroboto vitakufa? Halafu nina swali jingine, wakati wa kuchuma na kuanika mikono yangu inawasha na kutoka vipele, na macho yanachonyota. Nimekuwa nikijikanda na maji ya maua ya kamomili aliyoniletea binti yangu kutoka mjini, naona yanazidi.*
Mkulima, Mufindi

Kamwene sana. Barua yako nimeisoma mara mbili kwa furaha, maana umegusa zao letu. Dunia nzima inanunua pareto ya nyanda zetu za juu, kiwanda kiko hapo Mafinga, na sisi tunanunua kopo la dawa ya viroboto lenye picha ya mbwa wa Ulaya bila kujua kwamba sumu iliyomo huenda ilipita kwenye uwanja wetu wa kuanikia.

Umesikia kweli. Maua ya pareto yana sumu iitwayo pairethrini, na sehemu kubwa iko kwenye vimbegu vya pale katikati ya ua, siyo kwenye zile petali nyeupe. Inavuruga mishipa ya fahamu ya mdudu, anaanguka. Kiroboto akiipata anaanguka. Mbwa na mtu miili yetu inaivunjavunja haraka, kwa hiyo kwa kiasi kidogo hatudhuriki sana. Jua nalo linaivunja haraka, na hilo ni jema kwa mazingira lakini baya kwako, kwa sababu unga uliomwaga asubuhi juani, jioni umebaki vumbi tu.

Shida ya unga wa nyumbani ni kwamba hujui una nguvu kiasi gani. Maua ya mwezi huu na ya mwezi ujao hayalingani, yaliyoanikwa vizuri na yaliyonyeshewa hayalingani. Usimpake mbwa mwilini. Nakushauri unga wako uutumie pale anapolala, baada ya kufagia na kuchoma matandiko: nyunyiza kwenye nyufa za sakafu na pembe za banda, mfungie nje saa kadhaa, fagia, ndipo umrudishe. Kama kuna paka nyumbani kuwa mwangalifu zaidi, kwa sababu paka wanadhurika nayo kirahisi kuliko mbwa, na wale ndugu wa pareto waliotengenezwa kiwandani, kama permethrini, humwua paka hata kwa kipimo ambacho mbwa hakihisi.

Na banda ndilo lenye viroboto, kwa kweli. Wale unaowaona wakirukaruka mgongoni ni wachache sana. Wengine wote ni mayai, funza na vifukofuko vilivyolala sakafuni na kwenye matandiko. Jike mmoja anaweza kutaga mayai hata 40 kwa siku, yanaanguka kutoka kwenye manyoya kama mchele. Kifukofuko kinaweza kungoja miezi mpaka kisikie mtikisiko wa mtu au mnyama akipita. Ndiyo sababu nyumba iliyofungwa muda mrefu ukiingia tu unaumwa miguu. Umwogeshe mbwa kila wiki, umchane kwa kitana chenye meno ya karibu huku ukichovya kitana kwenye maji ya sabuni, na ufagie mpaka uchoke. Kwa mbwa ambaye hajaungua ngozi, mwendo huo wa mwezi mmoja na zaidi unamaliza kazi kubwa kuliko jani lolote.

Mikono yako sasa. Unachokieleza kinafanana na mzio wa pareto wenyewe. Wachumaji na wafanyakazi wengine wa pareto huupata, na ukishakuingia haupungui kwa kuzoea, unazidi. Vaa glovu na mikono mirefu, funga kitambaa puani wakati wa kugeuza maua yaliyokauka maana vumbi ndilo baya, nawa mikono na uso kabla hujashika mtoto au kupumzika. Nguo za shamba zifuliwe peke yake. Ukianza kubanwa kifua, hapo hatuzungumzii ngozi tena, nenda hospitali.

Kamomili ndiyo iliyonifanya nicheke peke yangu barazani. Binti yako alikuwa na nia njema na kwa watu wengi kamomili hutuliza ngozi kweli. Lakini kamomili na pareto ni ndugu wa ukoo mmoja, pamoja na alizeti. Ngozi inayomkataa mmoja mara nyingi inamkataa na nduguye. Umekuwa ukizima moto kwa mafuta ya taa. Acha kamomili. Tumia kitambaa kilicholowa maji baridi, kisha jeli ya kawaida ya mafuta, ile ya kopo isiyo na manukato. Kama vipele haviondoki, zahanati watakupa krimu ya kupunguza mzio kwa siku chache. Tafadhali usinunue zile krimu zinazochanganywa sokoni kwenye vikopo visivyo na jina. Mdogo wangu anasema mara nyingi ndani kuna dawa kali za homoni, zinatuliza siku tatu, halafu ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi, na kama tatizo lilikuwa fangasi linaenea kwa raha zake.

Chai ya Tukuyu

*Mama, mbwa wangu ana manyoya mengi na mvua ya huku unaijua. Ametokea kidonda cha majimaji shavuni, kimekua kwa usiku mmoja kama sahani ndogo, anakikuna mpaka damu. Mama mkwe anasema nikikande kwa majani ya chai. Ni kweli au ni mambo ya wazee?*
Kijana wa Tukuyu

Mvua ya Tukuyu naijua, iliozesha viatu vyangu jozi tatu. Mkwe wako anasema kweli, na umshukuru. Majani ya chai yana tanini, ileile inayofanya ulimi ukakamae ukinywa chai ya rangi iliyokaa sana. Tanini inakausha ngozi inayotoa maji na kuipoza. Na wewe unaishi katikati ya mashamba ya chai, dawa iko mlangoni.

Kwanza kata manyoya kuzunguka kidonda mpaka uone mahali ngozi nzima inapoanzia, maana unyevu uliofunikwa na manyoya ndio unaokilisha. Utakuta ni kikubwa kuliko ulivyodhani. Osha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, chumvi kijiko kimoja cha chai katika nusu lita. Kisha chemsha vijiko viwili vya majani ya chai katika nusu lita nyingine, acha kwenye sufuria dakika kumi na tano, yapoe kabisa. Chovya kitambaa safi, kiweke juu ya kidonda dakika tano bila kusugua, mara tatu au nne kwa siku, na ukiache kipate hewa. Bila sukari, bila maziwa, bila tangawizi. Naandika hivi kwa sababu niliwahi kuulizwa.

Asinywe. Chai ina kafeini na mbwa hawaiwezi. Maji uliyotumia mwaga mbali na ukinge shavu lake kwa kumtengenezea kola ya boksi la karatasi ngumu shingoni. Atakuwa kama amevaa redio ya zamani lakini hatakikuna. Ndani ya siku mbili tatu kinatakiwa kuwa kikavu. Kikinuka, kikitoa usaha au kikiendelea kutanuka, chai imefika mwisho wake, hapo anahitaji dawa ya bakteria kutoka kwa daktari. Halafu tafuta kilichomfanya akune shavu: mara nyingi ni sikio lililojaa uchafu, au kiroboto, au kupe aliyejificha.

Kwa mtu, chai hiyohiyo inafaa ngozi iliyoungua na jua na vipele vinavyotoa maji. Kwa ngozi kavu haifai hata kidogo, itaikausha zaidi, na hilo linanipeleka kwa mzee wetu wa Makete.

Miguu inawasha kila mwezi wa sita

*Mimi ni mzee wa miaka 71, niko Makete. Kila baridi ikianza miguu na mgongo vinawasha, hakuna vipele, ngozi inapauka na kupasuka kama udongo wa kiangazi. Naoga maji ya moto yenye majani ya mkaratusi na najisugua na magadi. Nikitoka najisikia vizuri saa moja tu.*

Shikamoo baba. Makete najua baridi yake, asubuhi za mwezi wa saba nyasi zinakuwa nyeupe kwa umande ulioganda. Baba yangu, unachojitendea ni kujichemsha. Maji ya moto yanayeyusha mafuta ya asili ya ngozi, magadi yanamalizia yaliyobaki, na mkaratusi unakupa ubaridi wa kudanganya kwa saa moja. Ngozi ya mtu mzima haina mafuta mengi ya kupoteza.

Oga maji ya uvuguvugu, kwa muda mfupi, sabuni weka kwapani, sehemu za siri na miguuni tu. Magadi yarudi kwenye maharage. Ukitoka usijikaushe kabisa, gusagusa tu kwa taulo, na ukiwa bado na unyevu ujipake mafuta mengi. Mafuta ya alizeti yanafaa. Ya parachichi yanafaa, siku hizi Njombe na Rungwe wanayo. Jeli ya kopo inafaa kuliko yote na ni rahisi. Usiku tena. Blanketi la sufu lisiguse ngozi, weka shuka ya pamba katikati.

Kitu kimoja ambacho wajukuu wanaweza kukuletea kutoka mjini ni oti, zile za uji. Zisage mpaka ziwe unga laini kabisa. Ukitia kijiko kimoja kwenye glasi ya maji na kukoroga, maji yawe meupe kama maziwa, zikitulia chini kama mchanga zisage tena. Kikombe kimoja cha unga huo kwenye beseni kubwa la maji ya uvuguvugu, loweka miguu dakika kumi na tano, kisha mafuta. Inatuliza ajabu. Na hii ndiyo dawa pekee kwenye safu yote ya leo ambayo ningempa mbwa anayewashwa bila wasiwasi wowote, kwa sababu akiilamba atakuwa amekula uji. Angalieni tu sakafu ya bafuni, inateleza kama ndizi.

Mdogo wangu amesisitiza niandike hili: ukifanya haya wiki tatu na bado unawashwa mwili mzima bila vipele, nenda ukapime sukari, figo na ini. Muwasho wa aina hiyo kwa mtu mzima wakati mwingine unatoka ndani. Mara nyingi si hivyo, ni baridi tu, lakini kupima ni kazi ya asubuhi moja.

Za harakaharaka

*Nimechuma shubiri mwitu kwenye mawe huku Iringa, niipake ngozi ya mbwa?* Hapana. Shubiri za mwituni ni za aina nyingi na nyingine zina sumu. Alovera ya bustanini ndiyo inayofahamika, na hata hiyo ute mweupe wa katikati tu. Ule utomvu wa njano unaotoka chini ya ganda ni dawa kali ya kuharisha: simamisha jani lichuruzike robo saa, menya, osha ute kwa maji, ndipo upake. Kwa mtu mwenye ngozi iliyoungua jua ni nzuri sana. Kwa mbwa, rudi kwa Simba wa Uyole: atalamba. Paka mahali asipofika kwa ulimi au acha.

*Vitunguu saumu kwenye chakula cha mbwa vinafukuza viroboto?* Vinaharibu damu ya mbwa, sawa na vitunguu maji. Viroboto wanabaki, mbwa ndiye anayeondoka.

*Mwanangu ana shilingi kichwani, na mtoto wa mbwa ana duara lisilo na manyoya usoni.* Hiyo huenda ni fangasi mmoja kwa wote wawili. Ya kichwani kwa mtoto inahitaji vidonge kutoka zahanati, ya kupaka haifiki kwenye mizizi ya nywele. Mbwa apelekwe siku hiyohiyo. Mwarobaini, majani ya mpera, chochote mnachopaka juu kitapunguza mikuno na hakitamaliza shilingi.

*Mama, niko kidato cha pili Vwawa. Kuna mtu amemwaga upupu kwenye kiti cha mwalimu (si mimi), na sasa mikono ya huyo mtu inawasha vibaya, na mbwa wa shule aliyelala pale naye anajiviringisha. Dawa gani?* Vile vinyweleo vya upupu vinachoma ngozi na kumwaga ndani yake kimeng'enya kinachowasha, kwa hiyo kujikuna ni kuvizamisha zaidi, na vidonge vya mzio havisaidii sana. Usisugue. Bandika selotepu kwenye ngozi na uivute, rudia kwa kipande kipya mara nyingi, au kandika tope au ugali laini, acha ukauke, bandua. Ndipo uoshe kwa maji mengi ya baridi na sabuni. Nguo zivuliwe kwa uangalifu na kufuliwa mbali na za wengine. Mbwa achanwe na mtu aliyevaa glovu, nje, upepo ukiwa mgongoni, kisha aogeshwe. Na huyo mtu ambaye si wewe, kiti cha mwalimu akisafishe yeye mwenyewe kwa kitambaa chenye maji, hizo glovu azivae tena, na akimaliza aende ofisini kuomba radhi kabla mwalimu hajasoma gazeti hili.